Kura ya Maharagwe Kithyoko

Mwezi wa nane mwaka 1992, miezi michache kabla ya uchaguzi wa vyama vingi, mama alinitumia ujumbe kutoka Kithyoko. Wanawake wa mwethya wake, kikundi kinachochimba matuta ya kuzuia maji shamba moja baada ya jingine, walikuwa wamesikia kwamba safari hii watu hawatapanga mlolongo nyuma ya mgombea. Kila mtu ataingia peke yake na karatasi. Walitaka kufundishwa, na kwa kuwa mwaka wa kuchagua mwenyekiti ulikuwa umefika, wangeijaribu kura hiyo kwenye uchaguzi huo. Mwenyekiti alikuwa mama, tangu nikiwa darasa la pili.

Nilifurahi kupita kiasi. Miaka saba nilikuwa nimefundisha historia na serikali mjini Machakos, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali ambalo halikuwa la mtihani.

Alhamisi asubuhi niliondoka Machakos na daftari langu mapajani. Ndani yake mlikuwa na Wayunani waliopiga kura kwa vigae, Waingereza waliompunguzia mfalme madaraka kidogo kidogo, na nzama, baraza la wazee wetu Wakamba, lililoamua mambo kwa kuzungumza hadi watu wakubaliane, mpaka mkoloni alipotuletea chifu. Nilikuwa nimeyapanga yote vizuri, na nikijiona msomi kweli. Lifti nilipewa na Mama Wanjiku, mwuza vitunguu mwenye asili ya Murang'a anayeishi Matuu, ndani ya pikapu yake.

Tulipopita Kithimani nilimweleza ninakokwenda. Akapunguza mwendo.

"Mwalimu, mwaka ule wa mlolongo nilisimama nyuma ya mtu simtaki. Wakubwa walikuwa hapo wanaangalia nani amesimama wapi. Niko na kibanda sokoni, niko na watoto. Ningefanya nini?"

"Na matokeo?"

"Mstari mfupi ulisomwa ukawa mrefu. Kila mtu aliona na akaenda nyumbani." Akakaza mikono kwenye usukani. "Hiyo karatasi ikikuja, nitaingia na nitatoka nimenyamaza. Hata bwanangu simwambii."

Niliandika maneno yake pembeni mwa daftari, kama mfano mzuri wa darasani. Sikujua yangenirudia kesho yake.

Saa saba mchana nilikuwa Kithyoko, koo limekauka kwa vumbi. Mama, Syokau, alinipokea kwa shangwe na kunizungusha mashambani. Mapaja ya vilima yote yalikuwa yamechimbwa fanya juu, udongo umetupwa upande wa juu wa mtaro, nyasi zimepandwa ukingoni. Nilijivuna. Kisha tukafika kwa Kalunde, mjane jirani yetu, ambako korongo lilikuwa limekata shamba katikati. Ningesimama ndani yake lingenifika kifuani.

"Na hapa, mwaitu?" nilimwuliza mama.

"Zamu yake itafika."

"Tangu lini anangoja?"

"Mwende, umekuja kufundisha ama kukagua?"

Kalunde alikuwa mlangoni, na mama alipotangulia, mjane huyo aliniambia kwa sauti ya chini, bila kulalamika, kwamba misimu mitatu ya mvua ilipita akingoja. Uchaguzi uliopita wa mwethya alijaribu kugombea. Mwethya huchagua kwa kusimama na jembe nyuma ya unayemtaka, na nyuma yake hakusimama mtu. Nani angesimama, wakati mwenyekiti ndiye anayepanga shamba lipi lichimbwe lini? Mwaka huu angegombea tena. Nilimpenda mama yangu kuliko mtu yeyote, na jioni ile nilikula chakula chake nikiliwaza korongo.

Ijumaa alfajiri tulikwenda kuchimba. Kanuni ya mwethya ni kwamba aliyechimba siku hiyo ana neno siku hiyo, awe mgeni au mwenyeji. Kufika saa nne viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na nilikuwa na kura. Jambo hilo halikuwa kwenye daftari langu.

Saa tano tuliweka vibuyu viwili jikoni kwa mama, kimoja kimefungwa leso yake, kingine leso ya Kalunde. Kila mtu alipewa haragwe moja. Nilisema habari ya Wayunani, wakacheka kwamba watu wazima walipiga kura kwa vyungu vilivyovunjika. Kisha akaingia wa kwanza. Alipotoka aliinua jembe juu na kutangaza, "Nimempa Syokau!" Wa pili naye vilevile. Kwao neno lisilosemwa mbele ya watu si neno, nani ataliamini?

Wa tatu alikuwa Mbula, ambaye shamba lake lilikuwa lichimbwe wiki iliyofuata. Alisimama mlangoni, haragwe limefumbatwa, jasho linamtiririka. Nikaelewa. Akitoka kimya, wote watajua alikoliweka. Mama alikuwa amekaa juu ya kinu, anamtazama.

"Simameni!" nikasema. "Tunaanza upya. Hakuna kutangaza. Kila mtu anatoka amenyamaza, hata yule anayempenda Syokau."

Watu wakaguna. Mama akainuka.

"Unafundisha wamama kuficha maneno? Mtu ako na neno nzuri anaficha ya nini?"

"Ili mwenye anaogopa asijulikane."

"Nani ananiogopa mimi?"

Wanawake wakainamisha macho kwenye majembe yao. Mama aliwatazama mmoja mmoja, kisha akakaa tena polepole. Nilimwaga maharagwe nikayagawa upya.

Walipita mmoja mmoja, majembe yako chini. Mbula alikaa ndani muda mfupi tu. Zamu yangu ilipofika, jikoni palinuka moshi na githeri ya mahindi na maharagwe, jiko nililokulia. Nilishika leso ya mama. Ilikuwa ileile aliyonibebea mgongoni, imechakaa pindoni. Kisha nikalikumbuka korongo. Nililia kidogo, nikapangusa macho, nikatoka nimenyamaza.

Tulihesabia hadharani, juu ya ungo. Mama, kumi na nane. Kalunde, kumi na tisa. Mama aliyahesabu tena kwa mkono wake mwenyewe, moja moja. Halafu alivua ufunguo wa stoo ya majembe shingoni mwake akampa Kalunde. Siku nzima hakuniambia neno jingine ila "kula".

Jumamosi asubuhi alinisindikiza hadi barabara ya lami, jembe begani. Tulisimama tukingoja pikapu ya Mama Wanjiku, aliyeahidi kunipitia. Ilipoonekana kwa mbali, mama aliniuliza bila kunitazama:

"Hiyo haragwe yako uliweka wapi?"

Ukweli ungemuumiza, na uongo nisingeweza kumwambia.

"Ni siri, mwaitu."

"Kwa mstari ningekuona."

"Kwa mstari ningesimama nyuma yako."

Alinitazama sana. Gari lilikuwa limefika na Mama Wanjiku anapiga honi. Mama alinifunga vizuri kitambaa kiganjani, juu ya malengelenge, akageuka. Njia ya nyumbani ilikuwa kushoto. Alishika ya kulia, ya kwenda kwa Kalunde, ambako walikuwa wameshaanza kuchimba.

Wanafunzi wangu wakiniuliza kwa nini kura ni siri, siku hizi sianzi na Wayunani. Nawaambia niliwahi kumnyima mama yangu kura, na kesho yake alibeba jembe akaenda kazini.