Rektifaya ya Amplifaya ya Baba

Moshi ulianza kutoka wakati kwaya inaimba wimbo wa matoleo. Kwanza ilikuja harufu, kama nywele zinaungua, halafu ndani ya lile sanduku kitu kikapasuka na gitaa langu likanyamaza. Wamama waliobeba vikapu vya mpunga wakarudi nyuma. Nikaruka kuchomoa waya, nikakuta plagi imeshalainika kwa moto, ikanata kwenye vidole vya mkono wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi. Nikavuta hivyo hivyo. Amplifaya ya marehemu baba yangu iliteketea mbele ya altare, na mpaka leo vidole vyangu viwili havikunjiki.

Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo naandika kama nilivyoona.

Nyie mliokulia hapa kijijini Mamba pamoja na mimi mnaijua amplifaya ile. Mnakumbuka tulivyokuwa tukitengeneza magitaa ya dumu, nyuzi tunachambua kwenye waya wa breki ya baiskeli, vidole vinatoka damu na bado tunapiga. Tukitoka kufukuza ndege kwenye mpunga, miguu ina tope mpaka magotini, tunakimbilia kigangoni, kwenye kanisa letu dogo, kuwahi mazoezi ya kwaya. Mama zetu wanakuja na kande kwenye hotipoti, sisi tunagombania ukoko. Halafu baba anaitoa amplifaya chini ya kitambaa cheupe, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala.

Ilikuwa ya taa, zile za kioo, mafundi wanaziita vali. Padre mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao ndiye aliyemwachia baba. Vali moja, kubwa kuliko nyingine, iliitwa rektifaya. Kazi yake ni kupokea umeme, kuunyoosha, na kuwagawia wenzake polepole wakati nao wanapata moto. Ndiyo maana baba hakusema "iwashe", alisema "iamshe". Jenereta likishanguruma, haruhusiwi mtu kugusa gitaa. Mama anaanzisha muongo mmoja wa rozari, Salamu Maria kumi, sisi watoto tunaitikia huku macho yetu yako kwenye matundu ya nyuma, tunatazama wekundu unavyopanda. Vumbi linapata joto, inatoka harufu ambayo mpaka leo nikiisikia mahali nasimama. Muongo ukiisha, baba anasema, "Haya, imeamka." Hapo ndipo gitaa linalia, na sijawahi kusikia tena sauti nene na laini kama ile.

Mwaka mmoja rektifaya ilikufa. Watu wakamletea baba vali iliyotoka kwenye redio kuukuu, wakamwambia angalia, inaingia vizuri kabisa. Baba akaigeuza geuza mkononi. "Miguu inaingia," akasema, "lakini hii ni ya redio, ndogo. Itawabebaje wenzake wote hawa?" Akairudisha kwa heshima. Padre akaagiza yenye namba ileile, na sisi tukangoja. Tulipalilia mpunga, tukavuna, kwaya inaimba kwa ngoma na kayamba tu, na hakuna aliyenuna. Siku ilipokuja kwa treni kutoka Tabora, baba aliifuata Mpanda kwa baiskeli, akarudi nayo kifuani, imezungushiwa pamba.

Sasa nije kwenye mwaka jana, na majina nitayataja.

Rektifaya ilianza kutoa cheche. Nikampigia mtoto wa dada yangu aliyeko Dar, akazunguka Kariakoo mpaka akaipata, namba ileile, akaipakia kwenye basi. Ilikuwa ifike Jumatatu. Sherehe ya mtakatifu somo wa kigango ilikuwa Jumapili, siku moja kabla. Nikamwambia Evodi, mwenyekiti wa kwaya, tuimbe kwa ngoma siku hiyo moja. Evodi akasema kigango cha jirani wana kinanda kipya, tutachekwa. Akanitazama kama anayetazama mgonjwa.

"Kaka Pius, nyie wazee mnapenda foleni. Dunia ya sasa ni dayodi."

Nikamwambia zile taa na kapasita zake, vile vikopo vya kutunza umeme, ni za zamani, dayodi haingoji kupata moto, itazimwagia umeme wote kwa mara moja, tena mwingi kuliko zilivyozoea. Akasema fundi yupo. Akaipeleka amplifaya kwa Fundi Kasimu, ambaye aling'oa rektifaya na kuchomelea dayodi nne. Alipojaribu, fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Basi akachukua kipande cha waya akafunga mahali pa fyuzi. Hilo hakuniambia mtu, waya wenyewe niliukuta kwenye majivu.

Asubuhi ile ya sherehe nilikuta wameshaipanga, na altare si mahali pa kugombana. Wamama wakaanza rozari kama walivyozoea. Hawakufika Salamu Maria ya pili, gitaa likalia. Vijana wakacheka, mmoja akasema, "Mnaona bibi zetu? Siku hizi hata Bikira Maria hasumbuliwi." Na mimi nikapiga mpaka matoleo, sauti kali, nyembamba, kama mtu anayepiga kelele.

Enzi zile tulikosa gitaa msimu mzima na bado tulikuwa kwaya. Leo vijana wana kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe, wanabonyeza na kuangalia simu, na hawawezi kungoja Jumapili moja.

Jumapili iliyofuata Evodi alitangaza kanisani kwamba amplifaya ya Mzee Leonsi, baba yangu, ilikufa kwa uzee, tumshukuru Mungu kwa utumishi wake. Watu wakapiga makofi. Mkono wangu umefungwa bendeji, na watu wanapiga makofi.

Haikufa kwa uzee. Vali ilifika Jumatatu kama nilivyosema, ninayo hapa ndani, imezungushiwa pamba, haina pa kuingia. Nataka Evodi asimame palepale mbele ya altare, Fundi Kasimu pembeni yake, waseme nani alifunga waya mahali pa fyuzi, na nani alimwambia afanye haraka. Mimi kungoja nilifundishwa tangu utotoni. Safari hii tunaowangoja ni nyie wawili. Semeni.