Krimu ya Wimbi

Mtaani Kayole, Nairobi, ukitaka keki yenye mawaridi ya krimu yasiyolegea, utaelekezwa kwa Truphena. Mtu mmoja tu alikuwa hajawahi kuionja: mama yake mzazi. Tangu Truphena aache ualimu akaanza kuoka, kila Krismasi bibi huyo alisema binti yake anauzia watu hewa iliyotiwa sukari, na kwamba yeye hawezi kula hewa. Truphena alicheka na wengine, lakini neno lile lilimchoma, tena sana.

Basi mpwa wake Jacklyne akapata mchumba, na Truphena ndiye angeoka keki ya harusi; kipande cha kwanza angelishwa nyanya yake bibi harusi, yaani mama yake Truphena.

"Anti, tia unga wa wimbi kwa krimu," Jacklyne akashauri. "Nyanya amekulia wimbi, hawezi kuukataa."

Kusema ni rahisi. Krimu iliyopigwa ni viputo vilivyobanana. Havisogei mpaka uvisukume vya kutosha. Hapo huteleza, na ukiviacha husimama tena. Ndiyo maana krimu hupita kwenye mfuko wa kupambia ikabaki waridi. Sasa Truphena alipotia unga wa wimbi kama ulivyotoka posho mill, kinu cha mtaani, chenga zilipasua viputo na krimu ikawa uji. Akauchekecha unga kwa kitambaa, akatia mwingi; krimu ikakakamaa kama ugali wa jana. Alipotia kidogo, ule laini kabisa, ikashika kuliko hata isiyo na kitu.

Akamkalisha mumewe, Lusweti, akampindulia bakuli la krimu juu ya kichwa. Lusweti alifumba macho kama mtu anayebatizwa. Halikudondoka tone.

"Imeshika!" Truphena akashangilia.

"Imeshika ikiwa imetulia," akasema Lusweti. "Dada zako unawajua. Wakisikia ngoma za isukuti, hiyo keki itaingia ikicheza."

Ilikuwa kweli. Kwao keki haibebwi tu, huchezeshwa. Truphena akapanga mawaridi juu ya kifuniko cha sufuria, akacheza nayo koridoni mwa ploti walimopanga. Kule kutikisika mfululizo kukayalegeza, yakainama yote. Akaongeza unga kidogo, akacheza tena, jirani yake Wanja akimpigia makofi kwenye ngazi. Safari hii yakasimama.

Siku ya harusi, katika ukumbi mmoja wa Buruburu, ngoma zikalia. Mcheza kwao hutuzwa, na dada zake Truphena walicheza kama waliokuja kudai tuzo. Aliwaambia waende polepole, lakini nani alimsikia? Mabega yakarushwa, keki ikarushwa pamoja nayo. Waridi la juu likainama, likateleza upana wa kidole. Truphena akaufinya mkono wa mumewe. Ngoma zikanyamaza, na waridi likasimama pale pale lilipofika, limekaa upande lakini bado ni waridi.

Mama yake akaitwa mbele. Hakusubiri kulishwa. Alilichota waridi lile kwa kidole, akalitia mdomoni, akafumba macho.

"Ni wimbi," akasema.

"Ndiyo, Mama," Truphena akajibu. "Wimbi na hewa."

Bibi akalamba kidole, taratibu, mpaka kikaisha utamu. Kisha akamnyooshea binti yake sahani.

"Basi niongezee hiyo hewa."