Mikono Ndani ya Koti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti zito, buti na glavu, nikaambiwa nivae. Nje, Dubai ilikuwa inachemka, lami inanata viatuni. Nilidhani mtunza stoo ananifanyia mzaha. Akanifungulia mlango wa chuma, nikapigwa na baridi usoni hata machozi yakanitoka. Nilikuwa mtu mzima, nimeshabeba viroba vya iliki na pilipili manga kule Al Ras, nimeshapakia mizigo gatini Deira, na nilijiona nimezijua kazi zote za mikono. Kumbe ya kuzoa theluji katika nchi ya jangwa ilikuwa bado inaningoja.

Jumba lenyewe la theluji halipo tena. Lilikuwa dogo, upande wa Deira, watu wakilipa kuingia kuteleza na kupiga picha. Theluji yake haikutoka mawinguni. Ilitoka kwenye mizinga, yaani mabomba mapana yanayopuliza manyunyu ya maji kwa hewa ya nguvu, na kwa baridi ya mle ndani manyunyu yaliganda kabla ya kugusa chini. Kila asubuhi, kabla ya wageni, tulikwangua theluji kuukuu iliyochafuka tukaisukuma nyuma kwenye shimo la kuyeyushia. Shimo likijaa, ziada ililundikwa kando yake, mpaka pakawa na kilima kinachompita mtu kimo kwa mbali.

Nilianzia mlangoni, kugawa makoti, chini ya madam mmoja aliyetaka tutabasamu hata meno yakigongana. Kisha nikapelekwa mteremkoni kushika reki. Mwisho nikapangiwa shimoni, na huko ndiko nilikofanya kazi na Athumani.

Athumani alikuwa mtoto wa Kibokoni, Mombasa, na tulikuwa tukilala chumba kimoja Al Baraha. Alikuwa na maneno huyo! Angeweza kumchekesha maiti. Alikuwa amemwambia mamake kwamba anafanya kazi dukani. "Nikimwambia nazoa theluji Dubai," alisema, "atanitafutia mganga."

Mkubwa wetu alikuwa Meneja wa Mteremko, Mzungu aliyezaliwa milimani. Kila mfanyakazi mpya alimfundisha habari za maporomoko, pale ambapo theluji ya mlima mzima humeguka ikashuka na kufukia watu. Wengi walisinzia. Athumani aliuliza:

"Sir, mtu akifukiwa, anaweza kupona kweli?"

"Anaweza, akifukuliwa mapema," Meneja alijibu. "Baridi haiwahi kumuua. Kinachomuua ni ukosefu wa pumzi. Theluji inapoporomoka ni laini, lakini ikisimama hukaza kama saruji, hutaweza kukunja hata kidole. Basi kabla haijasimama, mikono usoni! Jiachie nafasi mbele ya pua na mdomo. Nafasi hiyo ndogo ndiyo uhai wako."

"Lakini sir, hapa tuna paa juu. Theluji itashukia wapi?"

Meneja hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye kilima kando ya shimo. "Ile pale. Msikae chini yake."

Tulikaa. Feni za baridi zilikuwa zikivuma kutwa, na mahali pekee pasipofikiwa na upepo wake palikuwa chini ya kile kilima. Tena sisi watu wa pwani tulikuwa na tabia yetu. Glavu zikilowa, tulizivua, tukaitoa mikono kwenye mikono ya koti na kuikumbatia kifuani, ndani kwa ndani, koti limefungwa zipu mpaka kidevuni. Foromani wetu, Wafula wa Bungoma, alikuwa akitucheka.

"Nyinyi wasee wa coast, mnakaa kama kuku amefungwa mabawa! Toeni mikono, bana."

"Tutaitoa ukituletea jua," Athumani alimjibu.

Siku moja tulikuwa mapumzikoni. Mimi nilikwenda kurudisha reki, Athumani akabaki amekaa pale pale petu. Nilisikia mshindo mzito, kama gunia lililoanguka kutoka darini. Nilipogeuka, alipokuwa amekaa palikuwa peupe tupu.

Nikaanza kuliita jina lake. "Salim, wacha kuita, chimba!" Wafula alinipigia kelele. "Yalla, wote, chimba!" Tulichimba kwa sepetu, tukachimba kwa kucha. Meneja alikuja mbio na fimbo yake ndefu nyembamba, akawa anaichomeka hapa na pale, mpaka ikagusa kitu kilichobonyea. Na theluji ilikuwa imekaza vile vile kama alivyotwambia.

Hatukuchelewa sana kumfukua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Meneja alimpulizia pumzi, akamkandamiza kifua, hata watu wa ambulensi wakalazimika kumsogeza kando. Meneja alibaki amepiga magoti, ameshika mkono mtupu wa koti la Athumani, anaupapasa kuanzia begani kwenda chini.

"Mikono yake iko wapi?" aliuliza taratibu.

Ilikuwa kifuani. Uso wake ulikuwa umejaa theluji, hapana nafasi hata ya kupenyeza kidole.

Sheikh alituliwaza kwamba anayekufa kwa kuangukiwa ana daraja la shahidi, nami naliamini hilo. Tulimzika huko huko, mchangani. Nilipomwaga mchanga wangu nililia kwa sauti, maana rafiki yangu alikuwa anafukiwa mara ya pili, na mara hii sikuruhusiwa kuchimba.

Miezi michache baadaye jumba lilifungwa, khalas, na mimi nikastaafu nikarudi Mombasa. Wajukuu huniuliza kama nilichoka na baridi. Nawajibu niliizoea. Lakini mke wangu akinifunika shuka mpaka shingoni, mikono naitoa nje.

Safari yangu ya kwanza baada ya kurudi ilikuwa Kibokoni, kumpelekea mamake Athumani begi la nguo za mwanawe. Alikuwa amenisubiri; kwenye simu aliambiwa tu kwamba mwanawe amefukiwa na lundo kazini.

"Mwanangu, niambie kweli. Mtu akifukiwa namna ile, hupona?"

"Wapo wanaopona, mama."

"Basi wangu ilikuwaje?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za pumzi na ile nafasi ya usoni. Nikayaacha hayo yote.

"Alikuwa anaona baridi, mama. Alikuwa ameingiza mikono ndani ya koti."

"Baridi? Dubai?"

Aliinuka, akafungua kabati, akatoa mashati mawili mapya ya pamba nyepesi, bado yamo kwenye mfuko. Kabla ya msiba alikuwa anamngojea msafiri wa kumpa ampelekee mwanawe.

"Kila mara nilikuwa nikimtumia haya, kwa joto la huko," alisema. Aliyaweka mapajani akayalaza kwa kiganja, kana kwamba yamejikunja. "Na kufuma najua. Angesema tu ana baridi."