Neno Alilotaka Kuniambia Mama

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana juzi uliniuliza: mtu akisema Mungu kamgusa moyo wake, huo ni ushahidi? Swali hilo mimi nlishalijibu nikiwa kijana, nikalijibu vibaya.

Baba alikuwa kafariki. Mama yumo kwenye eda, nyumba yetu ya Mji Mkongwe imejaa kinamama. Siku tano mama hakula, maji tu. Nami nimetoka chuo cha ualimu, nasomea sayansi, na kichwa kimejaa, lo! Asubuhi hiyo mama akainuka kwenye msala, uso umekunjuka. Akasema, "Leo baada ya alfajiri nilikuwa nalia, nikaambiwa neno moyoni. Nikaambiwa..."

Nikamkata. "Mama, hiyo njaa tu. Asiyekula siku tano husikia mengi."

Kinamama wakatazama chini. Mama hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akenda jikoni, akapika uji, akaunywa wote.

Mchana nikamwendea mama mkubwa, Bi Mize, kwake Amani, nikitaraji anisifu. Bi Mize alikuwa akipika udi wa maharusi, ule wa kufukizia nguo, na watu wakiugombania, ilhali pua yake haikusikia harufu yoyote tangu utotoni. Akanisikiliza huku akikoroga.

"Mimi huu udi siujui unavyonukia," akasema. "Nakuoneni tu mnafumba macho, mnatabasamu. Niseme mnanidanganya? Aisifuye mvua imemnyea."

"Lakini mama mkubwa, mtu huweza kukosea."

"Ehe, hukosea! Mwenye mafua nshamwona akiusifu udi ulioungua. Ndiyo maana nauliza na wa pili, tena namtazama uso. Basi mtazame mamako. Jana hali, leo kala. Huoni kitu hapo? Na huko kuambiwa, ulimuuliza kaambiwa nini?"

Nikarudi mbio, nikamwangukia mama. "Nisamehe, mama. Uliambiwa nini?"

Akanishika kichwa. "Nshakusamehe. Lakini neno lile lishafanya kazi yake, niachie mwenyewe."

Nilimuuliza tena miaka ikipita, hata katika maradhi yake ya mwisho. Alinishika mkono tu. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Hadi leo silijui neno lile, na linaniuma.

Basi nisikilize. Litakalokushukia moyoni ni ushahidi wako wewe, usilitupe kwa kuogopa kuchekwa. Lakini usilifanye bakora ya kuwachapia wenzio. Wao hawakulisikia, waache waone unavyoishi. Na mwenzio akikusimulia lake, lipime, akili umepewa uitumie. Ila kwanza mwache amalize.

Mungu akukunjue kifua, akupe sikio la subira. Na siku utakapoambiwa neno lako, akujaalie mtu wa kukusikiliza mpaka mwisho. Amin.