Karatasi za Jimbo la Jirani

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uchaguzi nilisimama mlangoni mwa darasa nililokuwa nikifundishia, kule Mgori. Nilikuwa karani mwongozaji, yaani anayepanga foleni na kuwaelekeza wapiga kura. Enzi hizo za chama kimoja wagombea walipewa alama, huyu jembe, yule nyumba. Bibi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mimi ninavyo vyote viwili. Nikichagua kimoja, kingine mtakichukua?" Nilitaka kucheka, nikaona hatanii.

Nilidhani vyama vingi vikija mambo yatanyooka. Jimbo letu likagawanywa. Kijiji kimoja kikabaki huku, mashamba yake ng'ambo ya korongo yakaenda jimbo jingine. Wakati huo nimepanda cheo, ni msimamizi wa kituo, na ramani ya kata naitazama kila mara bila kuielewa sawasawa.

Katika uchaguzi wangu wa mwisho, mpiga kura wa kwanza alikuwa Mzee Hango. Akapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Hakufika hata kwenye kituturi cha kupigia kura, akarudi mezani.

"Mwalimu, hawa wa ubunge siwajui hata mmoja."

Nikatazama picha. Walikuwa wagombea wa jimbo la jirani. Nikafungua kitabu kingine cha karatasi, vilevile.

Nikampigia simu Mtendaji wa Kata, aliyekuwa msimamizi msaidizi. "Usisimamishe!" alisema. "Wapige za rais na diwani, ya mbunge watarudia. Watu wakishatawanyika huwapati tena."

Kabla sijakaa, Msimamizi wa Uchaguzi akapiga kutoka wilayani. "Usitoe karatasi hata moja mpaka nifike."

Wakala wa chama kimoja akapiga kelele kwamba ni hujuma. Mwenzake akataka tuendelee. Sikujua nimtii nani, na wote walionekana wana haki. Mwishowe nikamwomba Mzee Hango karatasi zake, nikatoka nje kuwaambia watu wasubiri.

Jua lilikuwa kali na upepo unapeperusha vumbi. Mama Zaituni, mtoto mgongoni na mama mkwe mgonjwa nyumbani, akaniuliza, "Mpaka saa ngapi, Mwalimu?"

"Sijui, mama."

Karatasi za jimbo letu zilifika alasiri. Wengi walikwisha kuondoka, na Mama Zaituni pia. Mshindi wa ubunge alipita kwa kura chache mno. Labda foleni ile ingegeuza matokeo. Labda isingegeuza. Msimamizi wa Uchaguzi alinipongeza kwa kufuata utaratibu. Mtendaji alikaa muda mrefu bila kunisalimia. Mpaka leo sijui nani kati yao alikuwa sahihi juu yangu.

Sasa nimestaafu, nimehamia Unyambwa, nalima alizeti kidogo. Juzi nilikutana na Mama Zaituni sokoni akiuza kuku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku nyingi nataka kukuuliza. Sisi tuliorudi nyumbani siku ile, mlituandika wapi?"

Nikamweleza fomu ya matokeo ilivyo: kura halali mahali pake, zilizokataliwa mahali pake.

"Na sisi?"

"Hamkuandikwa."

Akawafunga kuku wake miguu upya.

"Kumbe," akasema. "Na nilikuwa wa nne kwenye foleni."