Mama Pasi na Mizinga ya Jumamosi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, kwa sababu chumba chake cha mbele kilikuwa duka la kufua na kupiga pasi, na harufu ya nguo zenye joto ilimpokea mteja akiwa bado barabarani. Alikuwa mtu wa wasiwasi. Akishachomoa waya wa pasi, alirudi kuutazama, kisha akarudi tena kuhakikisha kwamba kweli aliutazama. Wateja walimcheka, lakini hakuna shati lililowahi kuungua mikononi mwake.

Jumamosi mchana alifunga duka mapema. Alisogeza kando mafurushi ya mashuka ya nyumba ya wageni, akawasha kompyuta juu ya meza ile ile ya kukunjia nguo, akavaa hedfoni juu ya kitambaa cha kichwani, akashika kijiti cha kuongozea, na kupaa na ndege ya vita.

Hakupenda vita, wala ndege. Alichofuata huko ni binti yake. Huyo binti, mzaliwa wake wa kwanza, alikuwa muuguzi katika nchi ya mbali, na kwenye simu alijibu kama mtu aliyeitwa polisi: niko sawa, nimekula, nalala vizuri. Alipokuja likizo alimwonyesha mama mchezo wake wa mtandaoni, na hapo mama akagundua jambo ambalo hakumwambia mtu. Mwanawe mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka wenyewe. Huko angani alisimulia ugomvi wa kazini, viatu vilivyombana, mgonjwa mzee aliyekataa kula mpaka aimbiwe. Basi Mama Pasi akajifunza kurusha ndege. Haikuwa kazi nyepesi, na machozi kidogo yalimtoka.

Kikosi chao kiliongozwa na fundi redio wa mtaa wa pili. Ndiye aliyeupanga mchezo kwenye mitambo yake, na alitaka kila kitu kifanane na vita vya kweli. Sheria yake ilikuwa moja: ukitunguliwa safari tatu mfululizo, unahamia kundi la wanafunzi, linaloruka Jumapili. Na Jumapili binti alikuwa kazini kutwa. Mama Pasi alikwisha kutunguliwa mara mbili.

"Fundi, mizinga yako haina haki," alisema wakiwa bado uwanjani, injini zinanguruma. "Naruka vizuri, nimenyooka, simgusi mtu. Kombora la kwanza tu, bawa hilo, limekwenda. Mzinga gani wa kweli una macho namna hiyo?"

"Mama, hao wapigaji nimewapunguzia macho mwenyewe," fundi alijibu. "Kwenye mawingu hawaoni kitu. Wanakosa zaidi kuliko wanavyopata. Vitani ndivyo ilivyokuwa."

"Mimi wamenikosa lini?"

"Mama Pasi wanampenda," alidakia kinyozi, ambaye aliruka huku akingoja wateja. "Wakimwona tu wanasema, mama yetu huyo, karibu, pita hapa hapa."

"Nyoa watu, wewe."

Binti alicheka. "Usiwajali, mama. Fanya nilivyokuambia. Tulia. Tazama mbele, usihangaike."

Tulia. Neno hilo aliambiwa na marehemu mume wake, na dada zake, na daktari wa presha. Safari mbili zilizopita alijitahidi kulitii: alikaa kama anayepigwa picha ya pasipoti, ndege ikaenda mwendo ule ule, kimo kile kile, njia ile ile. Na mara zote mbili alianguka kabla ya kufika.

Siku hiyo walitumwa kuvunja daraja la reli. Kulifikia, ilibidi wavuke bonde lililojaa mizinga ya kutungulia ndege. Binti alikuwa mbele kidogo, upande wa kushoto, kinyozi kulia, fundi juu yao. Mama Pasi alikaza taya, akatulia. Vishada vya moshi mweusi vilianza kufumuka, mbali kwanza, kisha karibu.

Ndipo binti alipokohoa.

Hakikuwa kikohozi cha mtu aliyepaliwa na maji. Kilitoka chini kifuani, kizito, kama kimekaa humo siku nyingi.

"Kikohozi gani hicho?"

"Vumbi, mama. Tazama mbele."

Vumbi, katika nchi inayonyeshewa mvua mwaka mzima. Mama Pasi akasahau mizinga na akasahau kutulia. Akavuta ndege kushoto amwone mwanawe, kana kwamba angeuona uso ndani ya kioo cha ile ndege ya kuchorwa. Hakuona kitu. Akapita chini yake, akaibukia upande wa pili, akapunguza mwendo, akaona anaachwa, akaongeza.

"Una homa?"

"Sina."

Akapanda. "Makohozi yana rangi gani?"

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie, nao wana vifua." Akashuka tena.

Moshi ulikuwa unafumuka kila alikokuwa akielekea kabla hajabadili mawazo. Hakuuona hata kidogo.

"Mama Pasi anazunguka kama aliyeangusha sindano," alisema kinyozi. Yeye alikuwa amenyooka kama rula, ametulia, na hakuwahi kumaliza kucheka. Ulisikika mshindo, kisha kimya, kisha sauti yake ndogo: "Basi. Bawa limekwenda."

"Mama, daraja hilo!" binti aliita.

Mama Pasi aliachia mabomu yake kwa haraka, kama mtu anayemaliza jambo dogo ili arudi kwenye kubwa. Moja lilitumbukia mtoni. Jingine lilikata reli.

Walipokuwa njiani kurudi, mizinga imebaki nyuma, kinyozi alilalamika. "Fundi, wapigaji wako leo wamelewa. Mtu anazurura mbele yao kama yuko sokoni, hawamgusi. Mimi niliyenyooka ndiye ninayepigwa. Huo ndio ukweli wako?"

"Ndio wenyewe," alisema fundi, kwa furaha ya mtu aliyengoja sana kuulizwa. "Kombora linachukua muda kupanda. Mpigaji halengi ulipo, analenga utakapokuwa. Ukinyooka, umempa anwani. Mama Pasi leo mwenyewe hakujua anakwenda wapi, mpigaji angejuaje? Mama, Jumamosi unabaki. Na utaruka mbele yetu."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nakwambia utulie," binti alisema taratibu.

"Kumbe siku zote adui yangu ni wewe," alisema mama. "Haya. Tuongee kifua."

"Kilianza wiki iliyopita," binti alikiri. " Chumba kina baridi. Lakini sasa nafuu, kweli mama. Kuna mtu ananiletea chai ya tangawizi kila asubuhi."

"Mtu gani?"

"Jirani."

"Jirani wa kike?"

Ndege ya binti ikaingia katikati ya wingu.

"Nakungoja upande wa pili," alisema Mama Pasi. "Sina haraka, duka nimefunga."

"Kinyozi, sisi tutoke," alisema fundi.

"Subiri kwanza, tusikie."

"Toka."

Wakabaki wawili. Wingu lilikuwa refu, na mama aliruka kando yake. Hatimaye pua ya ndege ikachomoza.

"Ni dereva wa gari la wagonjwa," alisema binti. "Tena usicheke. Akiegesha gari, anarudi kuangalia kama amefunga mlango. Anarudi mara mbili. Kwa wasiwasi anakupita hata wewe."

Mama Pasi hakucheka. Aliitazama ile ndege ndogo ikielea kando yake, na moyo wake ukatua kabla yeye mwenyewe hajatua.

"Huyo," alisema, "mlete nimwone."