Besi Peke Yake

Jumamosi mchana, ndani ya treni ya kwenda kitongoji cha Hässelby huku Uswidi, mwanamume aliyeketi mbele yangu, visikilizi vya simu masikioni, alikuwa akijifunza wimbo wa karaoke wa Kijapani kwa sauti nzito ya kutetemesha dirisha. Mkewe akamgusa goti.

"Baba watoto, mbona huuimbi wenyewe? Unaunguruma tu huko chini."

"Naimba besi, kama kwayani."

"Na sauti ya kwanza ataimba nani?"

"Yule mama Mjapani anayestaafu leo, kwenye sherehe yake ya kuagwa. Ndiye aliyenifundisha kazi ya jikoni nikiwa sijui hata neno moja la Kiswidi. Nimetafuta wimbo anaoupenda, wenye nafasi huku chini. Nikiuimba wote mimi, atakaa apige makofi. Nikiimba besi peke yake, atasimama mwenyewe auokoe wimbo wake."

Sisi wengine humshukuru mtu kwa hotuba ndefu, naye ameketi kimya kama mshitakiwa.

Mkewe alichomoa kisikilizi kimoja sikioni mwa mumewe, akakitia mwake, akasikiliza kidogo, kisha akaanza kuimba sauti ya kwanza bila maneno.

Nikapitiliza kituo changu, na sikujuta.